Zawadi ya Kromu

Vijana wa gereji, hasa ninyi mnaonizingira baada ya ibada kule Rissne mkitaka niwaandikie siri za kazi: siri hakuna. Kuna nyundo, kuna moto, na kuna mgongo unaouma. Nimestaafu mwezi uliopita, muda ninao, na Mama Neema amechoka kuniona nikizunguka jikoni nikipapasa vifuniko vya sufuria kuona kama vimepinda. Kwa hiyo naandika. Nani alipandishwa cheo na nani alilipwa nini, hayo siyaandiki. Hayajawahi kunyoosha mlango. Naandika kazi, na naandika habari ya Bengt na mdogo wake Leif, kwa sababu mmoja wenu aliniuliza kwa nini kwenye gereji yetu ni marufuku kupeleka kipande cha usukani kikachovywe kromu, nami nikamjibu kwa ukali. Alistahili zaidi ya ukali.

Nilifika Sweden mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nikitokea Bukavu, kwa kupitia kambi ambazo leo sina hamu ya kuzitaja. Kwetu nilikuwa fundi wa bodi za malori. Lori likibonyea unalipiga kwa nyundo kubwa, likirudi kidogo unamshukuru Mungu na dereva anaondoka. Hapa nilianza kwa kufagia ngazi za maghorofa ya Tumba, mpaka ofisi ya kazi iliponituma kwa majaribio kwenye gereji moja ndogo ya Södertälje. Asubuhi ile nilivaa suti. Msicheke. Niliambiwa ni mahojiano, na kwetu mtu haendi mahojiano na shati la kazi. Mwenye gereji, mzungu mrefu aliyeitwa Bengt, aliniangalia kuanzia tai mpaka viatu, akaniletea ovaroli yake mwenyewe. Nilikunja miguu ya ile ovaroli mpaka ikawa minene kama maandazi.

Akanipa mlango uliobonyea na nyundo. Nikaupiga kama nilivyozoea. Bengt alikuwa amenipa mgongo, anafanya mambo yake, kumbe anasikiliza. Akaja, akaninyang'anya nyundo taratibu, akanishika mkono akauweka juu ya bati. Lilikuwa limevimba kama uso wa mtu mwenye jino bovu.

"Umelitanua," akasema. "Sasa halina pa kwenda."

Hilo ndilo somo la kwanza na ninyi mtalisikia mpaka mchoke. Bati likipigwa ovyo linakuwa kubwa kuliko nafasi yake. Anzeni pembeni mwa bonyeo, si katikati. Shikeni chuma kizito upande wa nyuma, pigeni kidogo, papaseni kwa kiganja, pigeni tena. Vaeni glavu nyembamba ya pamba mnapopapasa. Kiganja kitaona makosa ambayo macho yameyapita. Mkichomelea, wekeni nukta moja hapa, nyingine mbali, halafu nendeni mkanywe chai. Msimwagie maji kupoza. Nimewaona mkimwaga maji. Nimewaona wote.

Mchana tulifanya kazi za kawaida: bampa, milango, na kutu. Wenyeji wanamwaga chumvi barabarani msimu mzima wa baridi, kisha wakati wa masika wanakuja kwetu wakishangaa kutu imetoka wapi. Lakini Alhamisi jioni, baada ya kufunga, gereji iligeuka kitu kingine. Walikuja marafiki wa Bengt na chupa za kahawa na mikate ya mdalasini, wakafunua magari yaliyokuwa yamelala kwenye kona chini ya mashuka. Hotirodi. Kwa ambao hamkuwahi kuziona: unachukua gari la Kimarekani la wakati wa babu zao, unavua madigadi yote, unalishusha mpaka linakaribia kulamba lami, unakata paa liwe fupi, unatia injini kubwa kuliko akili. Halafu unaliendesha kiangazi tu, tena polepole, kwenda kunywa kahawa mahali pengine. Basi, starehe yote ndiyo hiyo. Mwanzoni nilidhani wananitania. Kwetu mtu akikata paa la gari zima, wanamwitia mchungaji.

Nikabaki Alhamisi ya kwanza kwa sababu treni ilikuwa imechelewa. Alhamisi zilizofuata nilibaki kwa sababu nilitaka. Sikilizeni, hotirodi ya jadi ina miiko kama ya ukoo. Hakuna plastiki. Hakuna puti; mashimo yanajazwa kwa risasi iliyoyeyushwa. Hakuna kipande cha dukani cha kisasa. Kama huna cha zamani, unakichonga mwenyewe kama walivyochonga wale vijana wa Kimarekani wa enzi zile vibandani mwao. Bengt alikuwa na gari dogo la viti viwili, jeusi, aliloanza kulijenga kabla sijajua kama Sweden ipo duniani. Tulilikata paa pamoja. Hapo ndipo utamjua fundi, kwa sababu nguzo za paa zimeinama kuelekea ndani: ukizikata na kulishusha paa, ya juu na ya chini hazikutani tena. Fundi mwoga anazivuta kwa nguvu. Bengt alilipasua paa lenyewe katikati, akaongeza kipande, nami nikachomelea, nukta hapa, nukta kule, jioni baada ya jioni. Tulipomaliza alipitisha kiganja chake kutoka mbele mpaka nyuma akiwa amefumba macho. Akasema, "Nzuri." Kwa Bengt hiyo ilikuwa hotuba.

Risasi pia alinifundisha yeye. Unapasha bati, unalipaka madini ya bati liwe jeupe, unayeyusha risasi mpaka iwe laini kama siagi iliyosahaulika juani, kisha unaisukuma kwa kibao cha mbao kilichopakwa mafuta. Moto ukizidi kidogo, yote inaanguka sakafuni na unaanza upya. Vaeni barakoa, fungueni milango, na msile mkate kwa mikono ile. Risasi haina mchezo.

Na kulikuwa na mwiko mmoja uliokuwa wa Bengt mwenyewe. Wenzake walipenda kromu, na nani hapendi? Bampa, taa, vifuniko vya magurudumu, vyote vilimetameta. Lakini mbele, kwenye ekseli, kuna vile vipande viwili vya chuma tunavyoviita mikono ya usukani. Ndivyo vinavyopokea amri yako na kuligeuza gurudumu. Hivyo vya Bengt vilipakwa rangi nyeusi, basi. Nilimwuliza kwa nini.

"Kromu inachovywa kwenye tindikali," akasema. "Chuma kigumu kikiingia mle kinakunywa gesi. Usipokioka kwenye tanuri saa ileile kinapotoka, ile gesi inakaa ndani, na siku moja kinakatika kikavu. Bila onyo. Na kwenye rangi nyeusi ufa unaonekana. Kromu inauficha."

Ni maneno mengi kuliko aliyoyasema mwezi ule mzima, kwa hiyo niliyashika.

Sasa Leif. Leif alikuwa kinyume cha kaka yake kwa kila kitu: mfupi, mnene, mcheshi, anaongea mpaka na jeki. Alifanya kazi ya kukereza vyuma kiwandani maisha yake yote. Mke wangu na watoto walipopata ruhusa ya kuja, mimi sikuwa na gari, na Leif akasema, "Bahati, familia haipokewi kwa basi." Akaja nami uwanja wa ndege na hotirodi yake kubwa, ile ya wazi, mwezi Mei, upepo unakata masikio. Mama Neema alitoka na mabegi na watoto, akaliona lile gari halina madigadi, injini iko nje, akanigeukia.

"Aka! Hii motokari, nani ameiba bipande byake?"

Nikamtafsiria Leif. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye lami. Akavua koti lake akamfunika Neema, akawaendesha wanangu mpaka Tumba akipiga honi kwa kila ng'ombe. Tangu siku hiyo Krismasi kwetu haikupita bila Leif, na Mama Neema akamwita shemeji, naye akajibu, kwa matamshi mabaya kabisa. Nawaambia haya ili mjue huyu alikuwa nani kwangu. Hakuwa rafiki wa kazini tu.

Bengt alipofikia umri wa kustaafu, Leif alitaka kumpa zawadi itakayomtoa machozi. Kwa miezi alijifungia kwenye kibanda chake akichonga kwa siri mikono mipya ya usukani, kutoka kwenye chuma kigumu kuliko cha asili, iliyopinda vizuri ili gari likae chini zaidi. Wenyewe mtaelewa nikisema ilikuwa kazi safi. Na kwa kuwa Leif hajui kufanya jambo dogo, alichonga na ya wenzake wote wa Alhamisi. Kisha akaipeleka yote ikachovywe kromu kwa mtu mmoja aliyezoea kuchovya bampa na visahani vya majivu ya sigara. Hakumwambia ni ya nini. Siri, si mnajua, zawadi.

Asubuhi ya sherehe alikwenda gereji kabla yetu, akavua ile mikono myeusi ya gari la Bengt, akafunga mipya. Jioni tulikusanyika, kuna keki, kuna bendera ndogo za Sweden kwenye keki, na kila mwenzetu akapewa jozi yake ndani ya karatasi ya zawadi. Bengt akainama mbele ya gari lake. Ilimeremeta mpaka ukajiona. Alipitisha kidole gumba juu ya chuma, polepole, na nikaona uso wake unabadilika.

"Iliokwa?" akauliza.

Leif alikuwa na kipande cha keki mkononi, watu wote wanamtazama. Akatabasamu. "Kila kitu kiko sawa, kaka. Kila kitu."

Bengt alikaa ameinama kidogo zaidi. Halafu akanyanyuka akamkumbatia mdogo wake, jambo ambalo sikuwahi kuliona kabla, na Leif akalia yeye badala ya kaka yake. Tulipiga makofi. Nilikuwa nimesimama karibu yao na kikombe cha kahawa.

Hazikupita wiki nyingi. Ilikuwa asubuhi nzuri ya Juni, Bengt peke yake, barabara ya mashambani nje ya Södertälje ambayo aliijua kama sebule yake. Aliyekuwa nyuma yake alisema gari jeusi halikuwa kwenye mwendo mkali, liligeuka tu lenyewe kwenye kona ndogo na kwenda moja kwa moja kwenye mwamba. Taa za breki ziliwaka. Magari yale hayana mifuko ya hewa, hayana kitu. Kuna usukani na kuna kifua chako.

Polisi walilichukua gari. Wakasema gari ni la zamani, mwenyewe ni mzee, chuma kilichovunjika mbele kilivunjwa na mwamba. Leif alilishika hilo la mwenyewe ni mzee. "Ni moyo, Bahati," aliniambia kila tulipoonana. "Moyo ulisimama, hakusikia kitu. Alikuwa ameshakufa kabla ya kugonga." Nilimwambia ndiyo, yawezekana. Nilikuwa naamini.

Tukamzika. Nyuma ya gari la maiti zilifuata hotirodi zote za Alhamisi, polepole, taa zimewashwa, na zote mbele zilikuwa na mikono ya kromu, kwa sababu kila mmoja aliifunga kwa heshima ya marehemu. Leif alitangulia. Nami nilikaa kando ya Maggan, mmoja wa wale wa Alhamisi, mama aliyekuwa dereva wa basi, na nyuma yetu kwenye kiti chembamba alikaa mjukuu wake na maua mapajani. Hadi leo nikiikumbuka safari ile mikono inaniloa jasho.

Baada ya mazishi polisi waliturudishia mabaki, yakawekwa kwenye kona ya gereji. Sikuyagusa kwa muda. Siku moja, mchana, nikaondoa shuka kwa ajili ya kumtolea Leif usukani, aliuomba awe nao. Nikapiga magoti mbele. Mkono wa kushoto ulikuwa umekatika vipande viwili. Nikaupangusa, nikausogeza dirishani.

Chuma kinachovunjwa kwa kishindo hujikunja kwanza. Kinavutika, mdomo wake unakuwa wa kijivu na umechanika. Huu haukuvutika hata kidogo. Ulikatika kavu, na ndani uling'aa punje punje kama kidonge cha sukari ya kahawa ukikivunja kwa meno. Na ukingoni palikuwa na alama nyeusi nyembamba: ufa ulianza pale siku kadhaa kabla, chini ya kromu, na hakuna jicho ambalo lingeuona. Nilikaa sakafuni. Nilisikia sauti ya Bengt, kinakatika kikavu, bila onyo, na nikachukia mpaka kuta za ile gereji.

Nilimweleza Mama Neema jikoni. Alikuwa anakoroga ugali, akaacha kukoroga.

"Baba Neema, umwambie Leif ameua ndugu yake? Yule mtu? Aliyefunika mtoto wako koti?"

"Mama..."

"Aka. Bengt hawezi kurudi. Waambie wale wengine wavue vile vyuma, ukimya ukimya. Useme ni sheria mpya, useme nini. Leif umuache na moyo wake uliosimama."

Nilifikiria hivyo kweli, usiku na mchana. Lakini Leif aligawa jozi nyingine ambazo mimi sizijui, kwa watu wa miji mingine, rafiki wa rafiki. Ni yeye tu aliyejua zimekwenda wapi. Na Jumamosi iliyokuwa inakuja ilikuwa ni ile ya kiangazi ambayo wote wanatoka pamoja, wajukuu wamepakiwa. Nikamwambia mke wangu hilo la wajukuu. Akakaa kwenye kiti, akafuta mikono kwa aproni yake muda mrefu.

"Basi umwambie wewe," akasema. "Asisikie kwa mtu mwingine."

Leif alikuja gereji mchana wa siku iliyofuata kuchukua usukani. Alikuwa amekonda. Alileta mikate ya mdalasini, mazoea tu, wala hatukuifungua. Nikamwonyesha kile kipande kilichokatika.

"Mwamba huo," akasema haraka.

"Hapana, Leif. Angalia ndani."

"Mwamba, Bahati. Polisi wamesema."

Yeye ni mkerezaji, anajua vyuma. Alikuwa anaangalia ukutani. Basi nikafungua spana, nikavua mkono wa kulia, ule uliobaki mzima, unang'aa, hauna hata mkwaruzo. Nikaubana kwenye jiliwa. Nikachukua nyundo ndogo, ile ya kunyooshea kingo, nikaugonga. Chuma kizuri kingeirusha ile nyundo. Huu ulikatika. Kipande kikaanguka sakafuni kikaviringika mpaka kwenye kiatu chake.

Alikiokota. Alikiangalia ndani, safari hii aliangalia. Nilitamani azungumze kuhusu chochote, hata mpira wa miguu.

"Aliniuliza," akasema.

"Ndiyo."

"Ulikuwepo. Nilimjibu nini?"

"Leif, ndugu yangu..."

"Nilimjibu nini?"

"Ulisema kila kitu kiko sawa."

Akatikisa kichwa, tena na tena. "Sikujua anauliza nini," akasema. "Kuokwa. Mimi nakereza, sichovyi. Sikujua ni kitu gani. Na watu wote walikuwa wananiangalia, na yeye siku zote ndiye anayejua, siku zote, tangu tukiwa wadogo. Niliona aibu kusema sijui."

Nilimshika bega. Aliutoa mkono wangu, si kwa hasira, aliutoa kama mtu anavyotoa kitu kilichomwangukia. Akachukua jeki ya gereji, akachukua spana, akavipakia kwenye gari lake la kawaida na kuondoka. Usukani aliuacha.

Yaliyofuata nilisimuliwa na Maggan. Leif alifika kwake mvua inanyesha, hakubisha hodi, alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha gari na kuingiza jeki. Maggan akatoka na mwavuli. "Nilikupa kitu kibaya," Leif akamwambia akiwa chini ya gari. "Ndicho kilichomuua Bengt. Nakichukua." Maggan alimwomba aingie ndani anywe kahawa. Hakuingia. Alikwenda hivyo kwa kila mmoja, na kwa wale wa miji mingine, na kwa kila mmoja alisema maneno yaleyale kwa mdomo wake mwenyewe. Yote aliikusanya, na yake pia, akaikata kwa msumeno kipande kipande, akaileta ndani ya ndoo akaiacha mlangoni mwa gereji. Hakuna mwingine aliyekufa. Naliandika hili ili nilione limeandikwa.

Nami akaacha kunisemesha. Hakunitukana, hakunisema vibaya kwa watu, aliacha tu. Krismasi kiti chake kikabaki wazi, na Neema akauliza kwa Kiswidi Leif yuko wapi. Mama Neema alimpelekea chakula. Sahani ilirudi imeoshwa, imewekwa mlangoni petu. Aliuza gari lake. Aliacha kuendesha chochote. Alhamisi zikafa zenyewe. Mtu mmoja haji, halafu wawili, halafu unajikuta unazima taa peke yako. Maggan aliliweka gari lake juu ya magogo. Kazi za mchana ziliendelea, kutu haiombolezi. Mkiniuliza kama ningerudia, ningerudia. Lakini nilimpoteza yule mtu, na nilimlilia kama mtu niliyemzika, na bado alikuwa anaishi vituo vichache vya basi kutoka gereji.

Miaka ikapita. Mwezi uliopita, siku yangu ya mwisho kazini, ninyi mlikuwa mmeshanipa saa ya ukutani na kuimba vibaya, mkaenda nyumbani. Mchana ulikuwa bado mweupe. Mlango ukafunguliwa, akaingia mzee mwembamba na fimbo, ametoka kwenye basi. Nilimtambua alipovua kofia.

"Bahati," akasema.

"Leif. Karibu. Karibu ukae."

Hakukaa. Alitoa kifurushi cha kitambaa kwenye mfuko wake, akakifungua juu ya benchi langu. Ilikuwa mikono ya usukani, ile ya zamani, ya rangi nyeusi.

"Niliivua mwenyewe asubuhi ile," akasema. "Imekaa kwenye droo. Iangalie. Angalia kama ina ufa."

Nikaelewa anachotaka. Kama ile mikono myeusi ilikuwa na ufa, basi Bengt angekufa tu, kwa zawadi au bila zawadi. Alitembea na hilo moyoni miaka yote ile, na droo ile hakuthubutu kuifungua kwa fundi. Nikawasha taa. Nikaipangusa kwa petroli, nikapaka ule unga wa chokaa unaotumika kutafuta nyufa, nikasubiri, nikaangalia kwa kioo cha kukuzia, upande huu, upande ule, kwenye tundu, kwenye kona. Nilitafuta ule ufa kama mtu anayetafuta mtoto wake sokoni. Na nilijua kwamba nikisema "upo," ataniamini, ataondoka akiwa mtu mwingine.

Aliniona ninachelewa. "Usinijibu kama nilivyomjibu yeye," akasema.

Nikazima taa. "Haina ufa, Leif. Ni mizima."

Akashika ukingo wa benchi. Alikaa hivyo, amefumba macho, nami nikamshika bega na safari hii hakuutoa mkono wangu. Tulilia, wazee wawili, kwenye harufu ya petroli.

"Basi ni mizuri," akasema mwishowe. "Ekseli ya Maggan ni ileile. Mfungie."

Ndiyo kazi yangu ya mwisho, vijana, msiitafute kwenye kompyuta ya gereji. Tulikwenda kwa Maggan na gari langu, Leif akanishikia tochi, nikafunga ile mikono myeusi, nikaweka pini kwenye kila nati, tukalishusha gari kutoka kwenye magogo. Injini ilikataa, ikakohoa, ikakubali. Maggan akatoka ndani na mjukuu wake, sasa msichana mkubwa, tayari amevaa koti la kupandia. Maggan akamgeukia Leif, kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu na gurudumu.

"Kila kitu kiko sawa?" akamuuliza.

Leif alifungua mdomo. Akamtazama yule msichana, akaitazama ekseli.

"Sijui," akasema. "Muulize Bahati."

Nikachukua tochi mkononi mwake, nikalala tena chini ya gari, na nikaanza kuangalia upya tangu nati ya kwanza.